Harufu ya Furu

Harufu ilianza kuingia nyumbani kwetu Bariadi msimu wa pamba, wakati wa jioni, saa ambayo moshi wa majiko yote ya mtaa hushuka na kutambaa chini. Ilikuwa harufu ya furu, wale samaki wadogo wa ziwani, waliokaushwa juani kisha wakachemshwa na karanga. Aliyekulia kwetu hawezi kuikosea. Kwanza unakuja ukali unaopanda puani, halafu utamu wa karanga unafuata kuutuliza. Shida ni kwamba furu hawakuwepo. Sokoni hawakuwepo, jikoni kwetu hawakuwepo, na kwa habari tulizokuwa tunapata, hata ziwani kwenyewe walikuwa wamekwisha, wameliwa na sangara. Mara ya mwisho chungu cha furu kuinjikwa katika nyumba ile, baba yangu alikuwa hai.

Siku ya kwanza nilikuwa nimesimama mlangoni nakula. Nilikuwa nakula nimesimama siku zote. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka anapeta karanga, ungo magotini. Nikamwona anausimamisha ungo. Akainua uso kidogo, akavuta hewa, akatazama upande wa jikoni ambako moto ulikuwa umeshazimwa. Kisha akanitazama mimi, nami nikatazama sahani yangu.  Kwetu kitu cha namna hiyo ukishakitaja umekipa kiti, na sisi wawili hatukuwa na haraka ya kupata mgeni.

Tuliishi peke yetu. Ndugu zangu walikuwa wameoa na kuolewa mbali. Mimi nilikuwa nimeolewa nikarudi, kwa hiyo nilibeba majukumu ya mtu mzima na bado nilitumwa kama binti. Nilikuwa nauza mitumba. Zilikuwa enzi za soko huria, watu wanasema ruksa, ruksa, na kweli ruksa ilikuwepo. Pamba iliyokuwa inanunuliwa na ushirika peke yake sasa ilikuwa na wanunuzi wa kila namna, kila mmoja na mizani yake na maneno yake matamu. Mkate, sabuni, mafuta ya kula, vitu ambavyo utotoni mwangu tulivipangia foleni tukarudi mikono mitupu, sasa vilikuwa vinatutazama kutoka rafuni. Mimi nilizunguka magulio yote na robota langu la nguo, na katika mizunguko hiyo nilikula kilichokuwa karibu: chapati baridi, andazi, soda. Chakula sikukipenda wala sikukichukia. Nilikichukulia kama kodi ya kichwa, ulipe ili wakuache upite.

Harufu ikawa inakuja jioni hii, inaruka ile, inarudi. Halafu mama akaacha kula.

Hakususa kwa kelele. Angesusa kwa kelele ningejua la kufanya, maana ugomvi ni jambo ninaloliweza. Alipika kama kawaida, akanipakulia, akajipakulia, kisha chakula chake kikapoa mbele yake huku akizungumza habari nyingine. Ukimuuliza anasema ameshiba. Kanga yake ikaanza kumzunguka mara mbili. Nilimpeleka hospitali, wakampima hiki na kile wasione kitu, wakampa vidonge vya kuleta hamu ya kula. Mama alivimeza vidonge vile kwa uaminifu mpaka vikaisha, na chakula hakukigusa.

"Mayu, unataka kula nini?" nilimuuliza mama.

"Chochote."

"Chochote nilikuletea jana, hukula."

"Basi utaleta kesho."

Nilileta wali wa mpunga wa Mwamanyili, nilileta maini, nilileta mkate laini wa dukani. Kila kitu alikipokea kwa mikono miwili na kukishukuru, na kila kitu kilirudi jikoni kama kilivyotoka. Nilikuwa na hasira, na chini ya hasira nilikuwa na hofu. Mama yangu alikuwa anakufa, na alikuwa anakufa kwa adabu, bila kumsumbua mtu.

Ndipo dada yake, mama mkubwa, akaja kukaa nasi. Mama mkubwa alikuwa mtu wa kanisa, wa kwaya, wa kutembelea wagonjwa, lakini hakuwa mtu wa kufunga mlango mmoja ili afungue mwingine. "Yesu tunaye," alikuwa akisema, "lakini na wenye nyumba nao wapo, wale waliotangulia." Jioni ya kwanza alitutazama tulivyokaa, mama na sahani yake iliyopoa, mimi wima mlangoni, wote wawili pua juu.

"Mnanusa nini?" akauliza. "Mimi sisikii kitu."

Nilidhani mama atanyamaza kama siku zote. Badala yake akasema, taratibu, "Furu. Inakuja jioni. Siwezi kutia tonge mdomoni wakati yeye hajala."

"Yeye nani?" niliuliza, na nilikuwa najua.

 Mama alitazama kigoda kilichokuwa kando ya ukuta, kigoda cha baba, ambacho tangu azikwe hakuna aliyekikalia hata mara moja. Nami pia, kila harufu ilipokuja, macho yangu yalikuwa yanakwenda hapo hapo.

"Basi mmeshaambiwa," mama mkubwa alisema. "Mtu wa ziwani mmemzika huku kwenye mashamba ya pamba, na samaki mmemnyima. Anadai chakula chake. Apikiwe furu, awekewe, na mdogo wangu atakula."

"Furu watatoka wapi, mama mkubwa? Wamekwisha."

"Nenda kwao ukaulize. Hapa Bariadi utamuuliza nani?"

Kwao baba ni Kalemela, kando ya ziwa. Alikuwa mchuuzi wa furu kabla hajawa baba yetu. Aliwafunga kwenye matenga, akayafunga matenga kwenye baiskeli, akapanda nao mpaka magulio ya huku ndani, siku nzima ya kunyonga pedeli na nyingine ya mgongo kuuma. Safari moja akamwona mama, na baada ya hapo safari zake zote zikawa na kisingizio. Mwisho akahamia kabisa, jambo lililowaudhi ndugu zake, akalima pamba kama sisi.

Mama alimpikia furu. Mwanamke wa kwetu akiolewa na mtu aliyetoka kwingine hujifunza chakula cha kwao mume, ili mtu wa watu asijione mgeni ndani ya nyumba yake. Na mwanaume wa kwetu hasemi habari za chakula. Hasemi kimezidi chumvi, hasemi nipikie kile. Anakula, na kumaliza ndiyo shukrani. Baba alimaliza. Nakumbuka alivyochambua furu wake akatugawia sisi watoto minofu, akabaki na vichwa, akituambia kwamba kichwa ndicho chenye akili na sisi bado hatujafikia umri wa akili. Mama alikuwa hakai nasi. Alikuwa jikoni, akila kilichobaki chunguni.

Nilifunga safari. Asubuhi ya kuondoka mama aliinuka, akashika ukuta, akaingia chumbani, akatoka na kifurushi cha kitambaa. Ndani yake kulikuwa na nsansa, majani ya kunde tunayoyachemsha na kuyakausha ili yatuvushe kiangazi.

"Huwezi kwenda kwa wakwe zangu mikono mitupu," alisema. "Siku zote nilikuwa nawatumia hii."

Nilipanda juu ya lori la mnunuzi mmoja wa pamba, nikakaa kwenye magunia pamoja na abiria wengine waliokuwa wanateremka Lamadi. Nilikuwa nimezoea kusafiri nikiwaza mzigo wangu tu, niuze wapi, ninyeshewe au nisinyeshewe. Safari ile sikuwa na mzigo zaidi ya kile kifurushi, nami nilikipakata. Kila kijiji tulichopita kilikuwa na harufu yake ya mchana, huku mihogo, kule viazi, na mimi nilikuwa navuta hewa kama mbwa, nikiogopa kuisikia ile yangu. Sikuisikia. Ilikuwa imebaki nyumbani.

Lamadi nilishuka nikiwa na njaa. Magari yenye barafu yalikuwa yanapita kuelekea Mwanza viwandani yakiwa yamejaa sangara, na pale kando ya barabara mama ntilie alikuwa anauza kilichorudi kutoka huko viwandani: mapanki, mifupa ya sangara na vichwa vyake, minofu ikiwa imeshakwenda kwa watu wa Ulaya. Nilichukua sahani yangu, nikasimama kando.

"Dada, kaa," mama ntilie aliniambia. "Samaki ukimla umesimama anakukaba."

Nikakaa, kwa kuogopa mwiba tu. Na ile mifupa haikuniruhusu kukimbia. Nyama ilikuwa imejificha huku na huku, nyuma ya shavu, chini ya pezi, kwenye vijishimo vya uti wa mgongo, nikawa naitafuta kwa ncha za vidole kama mtu anayetafuta sindano kwenye mkeka. Mchuzi ulikuwa wa nyanya na ndimu. Nilikula mpaka mwisho, nikanyonya vidole, nikagundua kwamba pikapu ya kwenda Kalemela ilikuwa imeondoka na sikuona uchungu. Sikukumbuka mara ya mwisho chakula kunichelewesha. Nikamfikiria mama na sahani yake iliyopoa.

Shangazi yangu, mdogo wake baba, nilimkuta uani kwake, Kalemela, anashona wavu. Alikuwa na uso wa baba kabisa, mpaka nikashindwa kusalimia vizuri.

"Mwadila, shangazi."

"Mwadila. Mhola?"

"Mhola duhu," nilijibu, yaani salama tu, kwa kuwa salamu ni lazima ijibiwe hivyo hata mambo yakiwa mabaya. Kisha nikakaa chini nikamweleza yote, harufu, kigoda, mama asiyekula.

Alisikiliza, wavu umelala mapajani. Nilidhani ananiona kichaa. "Huku harufu hiyo imekufa," alisema mwishowe. "Watoto wa siku hizi ukiwaambia furu wanadhani unawatukana. Zamani walikuwa wakianikwa mchanga wote wa ufukweni unageuka mweupe. Sasa wenyewe hatuna, na ninyi mnaisikia huko kwenye pamba?" Alitikisa kichwa. "Lakini kwenye mawe wamebaki kidogo. Sangara ana tumbo kubwa, haingii kwenye nyufa."

Kesho yake tulikwenda kwenye mawe yale, yeye na ndoana na minyoo kwenye kopo. Maji yalikuwa yanaingia chini ya majabali na kutoka kwa sauti ya mtu anayemeza. Shangazi alidondosha uzi kwenye ufa na kusubiri, akadondosha kwenye mwingine. Ilituchukua muda mrefu kupata walioweza kutosha kiganja, wadogo, weusi, wenye ukaidi. Alipowapasua na kuwaanika, tulikaa nao siku chache kuwalinda kuku wasiwadonoe. Wa kwanza alipokauka shangazi alimwinua, akamnusa, akakaa chini juani. Na mimi nilinusa. Ilikuwa ndiyo. Ilikuwa ile ile ya jioni, isipokuwa hii ilitoka kwenye kitu.

Jioni hiyo nilikumbuka kifurushi. Nikampa kwa mikono miwili, nikasema kimetoka kwa wifi yake. Alikifungua, na alipoona nsansa akacheka mpaka akakohoa.

"Miaka yote ile," alisema. "Mama yako alikuwa anatutumia nsansa, na sisi hatukuwahi kuionja."

"Kwa nini? Haikufika?"

"Ilifika. Kaka yangu alikuwa anaifikisha, kisha anaipika mwenyewe kwenye mafiga yangu, mwanaume mzima, anaunga karanga, anakula amefumba macho. Mimi na mume wangu tunamtazama. Anamaliza chungu."

Sikuelewa. "Lakini si alikuwa akija huku anakula furu?"

"Furu?" Shangazi alinitazama kama nimesema jambo la aibu. "Kaka yangu hakupenda furu tangu utoto. Mama yetu alimchapa kwa ajili hiyo. Unafikiri kwa nini aliondoka ziwani? Siku ya kwanza aliyopata chakula huko kwenu, waliomwita kula ni nyumba ya babu yako mzaa mama. Ugali wa mtama na nsansa. Na aliyemletea maji ya kunawa ni mama yako. Aliporudi aliniambia, 'Dada, leo nimekula chakula ambacho hakinikodolei macho.'"

Nilikuwa nimeshika wale furu wakavu kwenye gazeti. Nikawaona wote wananikodolea.

"Sasa kwa nini hakumwambia mama?"

"Aseme nini? Mke amejifunza chakula cha kwenu ili usijione mgeni, umwambie hapana, sikitaki? Alikula. Alisema afadhali vichwa, vimkodolee macho lakini havina nyama ya kumeza."

Tuliipika ile nsansa. Shangazi alionja kidogo, akaacha mkono hewani, akaonja tena. "Mwizi yule," alisema, na akaanza kulia. Nilimpenda sana wakati ule. Tulikaa chini, bakuli katikati yetu, tukala polepole chakula cha marehemu, na ziwa lilikuwa linafanya kelele zake huko nyuma ya nyumba.

Hofu ilinishika njiani nikirudi, tena mchana kweupe, nimebanwa kati ya wanawake wawili kwenye pikapu. Kama baba hakuwapenda furu, basi hakuwa yeye aliyekuwa anawadai. Na kama hakuwa yeye, aliyekuwa anaingia nyumbani kwetu jioni ni nani? Tulikuwa tumemwacha nani bila chakula mpaka akatufuata na harufu? Nilihesabu wafu wetu wote ninaowajua, nikawataja moyoni mmoja mmoja, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na sababu. Lile gazeti lenye samaki nililiweka mbali na mwili wangu.

Mama nilimkuta amelala mkekani mchana. Macho yalikuwa yameingia ndani, mashavu yamebaki mifupa mitupu. Mama mkubwa alinivuta pembeni. "Umepata?" Nikamwonyesha. "Haya, injika haraka," akasema. "Huyu hatutakuwa naye siku nyingi."

Niliinjika vyungu viwili. Mama mkubwa aliuliza cha pili ni cha nini, nikamwambia nina njaa zangu. Kwenye kimoja niliweka furu na karanga, kwenye kingine nsansa na karanga, na nikasonga ugali wa mtama, si sembe la mashine tulilozoea siku hizo. Sikuwahi kupika hivyo tangu nizaliwe. Nilisimama juu ya vyungu nikionja, nikiongeza chumvi kidogo kidogo, nikiogopa kukosea kama vile vyungu vinanisikia. Furu walipoanza kuchemka harufu ilijaa nyumba nzima. Safari hii mama mkubwa naye aliisikia, akajifunika mdomo na upande wa kanga.

Tulimkalisha mama, mgongo ukutani. Bakuli la furu nililiweka mbele ya kigoda cha baba pamoja na ugali, kama tulivyoelekezwa. La nsansa nililiweka mbele ya mama. Mama mkubwa alisali sala ya chakula, kisha akaongeza maneno mengine ya Kisukuma kwa sauti ya chini, ambayo sidhani yalikuwa ya kanisani.

"Kula sasa, mdogo wangu," alisema. "Mwenyewe ameshawekewa."

Mama hakuinua mkono. Alikuwa anatazama kigoda, na machozi yalikuwa yanashuka bila uso wake kubadilika. Nikaona kwamba haitasaidia. Tutakaa hapa chakula kipoe, na kesho tena, mpaka tumpeleke akalale karibu na baba. Ndipo nikasema, kwa sababu sikuwa na kitu kingine cha kumpa.

"Mayu, baba alikuwa hapendi furu."

Nikamwambia yote. Mafiga ya shangazi, nsansa ambayo wakwe hawakuionja, macho yaliyofumbwa, chakula kisichokodoa macho. Mama mkubwa alikuwa ananikanyaga mguu ninyamaze. Alidhani namuua mgonjwa. Na mimi nilidhani hivyo pia, maana mama alikuwa amekaa kimya kabisa na hata kupumua sikumsikia. Maisha yake yote ya ndoa alikuwa amepika chungu kile.

Kisha akanyoosha mkono. Alichukua bakuli la nsansa lililokuwa mbele yake, akalisogeza mpaka mbele ya kigoda. "Hii ni yake, basi," alisema. Akalichukua lile la furu akalivuta kwake, akaliweka mapajani, akaliinamia, mvuke ukampanda usoni.

"Mayu?"

"Mimi nilikuwa napata mchuzi tu," alisema. "Nilikuwa nalamba mwiko. Nikimaliza kuwapakulia nilikuwa nakwangua chungu, nasema labda amebaki mmoja. Nilikuwa nawapenda furu, ng'wana wane. Nilikuwa nawapenda mpaka naona aibu."

"Kwa nini hukusema?"

"Niseme nini? Nimnyang'anye mtu wa ziwani samaki wake?"

Alichukua furu mmoja kwa mkia, akamtia mdomoni mzima, na kichwa, na mifupa. Alitafuna polepole. Macho yake yalikuwa yamefumbwa. Mama mkubwa, aliyekuwa amemsingizia marehemu, aliinuka akasema anakwenda kuangalia moto, ambao tulikuwa tumeshauzima. Mama akachukua wa pili. Mchuzi ulikuwa unamtiririka mpaka kwenye kiwiko na hakuufuta, yeye aliyekuwa mtu wa adabu zote, na mimi nilikaa chini mbele yake nikamwangalia anavyokula, nikilia na kucheka kwa pamoja.

Alipomaliza akaniuliza, "Ziwa likoje?" Hakuwahi kuliona. Nilimweleza hadi sauti ya maji chini ya mawe, na yeye alikuwa anaitikia kama anayekumbushwa.

Aliishi miaka mingine baada ya pale, akanenepa na kuanza kunigombeza upya. Shangazi alikuwa akitutumia furu wa kwenye mawe kila alipowapata, nasi tukimrudishia nsansa, na sasa aliila yeye mwenyewe. Tangu siku ile nikifika mahali pageni nakaa chini, nauliza watu wa hapo wanakula nini na wanakipikaje, na mtu akiniambia chochote simwachi mpaka aniambie kweli. Harufu haikurudi. Kwamba mama aliisikia naelewa, ilikuwa njaa yake mwenyewe, aliyoilaza miaka mingi na kuipa jina la mumewe. Lakini mimi pia niliisikia, mlangoni, nimesimama, na hadi leo sijui nilikuwa nanusa njaa ya nani.

Asubuhi iliyofuata ile jioni niliamka kabla yao. Bakuli la baba lilikuwa mbele ya kigoda pale pale tulipoliacha. Nsansa ilikuwa imepoa, haijaguswa, na ugali umeshika ukoko juu. Nililiinua nilipeleke jikoni, nikafika nalo mlangoni, mahali pangu pa siku zote. Nikarudi. Nilikivuta kigoda cha baba kutoka ukutani, nikakikalia, nikaila yote.